Zau na Baba Asiyerudi

Kijana wako akitoka Mikumi au Morogoro akakuambia kuna gemu inayozungumza Kiswahili, usimfukuze. Inaitwa Tales of Kenzera: ZAU. Ilitoka Aprili 2024, na aliyeibuni ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Alifiwa na baba yake, na gemu hii imetokana na msiba huo.

Ni nzuri kuitazama, hilo halina ubishi. Rangi zinawaka, na barakoa za jua na mwezi anazovaa Zau utatamani kuzishika. Lakini macho hushiba upesi. Je, hadithi inaubeba uzuri huo?

Naona inaubeba, ingawa si kila mahali. Kuna sehemu wahusika wanaieleza huzuni kwa maneno mengi mno, kama mhubiri anayerudia pointi moja hadi waumini waangalie saa. Kiini chake, hata hivyo, ni kizito. Zau, mganga kijana, amefiwa na Baba. Anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kumwahidi roho tatu kuu ili arudishiwe baba yake.

Najua maneno hayo yamekushtua, na ni haki yako. Lakini fungua 1 Samweli 28. Sauli, mfalme aliyewafukuza wenye pepo wa utambuzi, anakwenda Endori usiku, amejibadilisha mavazi, akimtafuta Samweli aliyekufa. Aliyekata tamaa hubisha mlango wowote. Gemu haiyafanyi mapatano ya Zau kuwa njia ya mkato. Safari nzima inamkutanisha na hasira na hofu yake mwenyewe. Hapo ndipo hadithi inapoizidi picha.

Sisi kijana akifiwa na baba tunamwambia jikaze, wewe ndiye mwanamume wa nyumba sasa. Matanga yakianuliwa tunadhani naye amemaliza. Yesu alijua kwamba atamfufua Lazaro, na bado alilia mbele za watu (Yohana 11). Hakuna aliyemwambia ajikaze.

Kama hapo Malolo, jirani yako ana kijana aliyemzika baba yake mwaka huu, mtembelee leo baada ya ibada. Usimuulize kama ameshapoa. Muulize baba yake alikuwa akipenda kusimulia nini, kisha unyamaze umsikilize.