Sio kila mara mtumiaji ndiye mwenye makosa

Jamani wenzangu mliosomea kompyuta, leo ni zamu yetu. Kuna ugonjwa katika fani hii ambao hakuna mwalimu anayetufundisha chuoni lakini tunatoka nao: kumwona kila anayeomba msaada kuwa ni mjinga. Karani akipiga simu kusema mfumo umekwama, anaulizwa "umebonyeza nini tena?", kisha anachekwa. Akipiga mara ya tatu, simu haishikwi.

Najua kijana wa IT naye ana yake. Yuko peke yake na kompyuta arobaini, na juu ya hayo atatengeneza printa ya bosi na simu ya mtoto wa bosi. Lakini hili sio suala la adabu tu. Mtu aliyechekwa mara mbili haripoti hitilafu tena, anatafuta njia ya panya. Anaazima neno la siri la mwenzake, anaweka faili za wateja kwenye flashi yake, anatuma nakala za pasipoti kwa WhatsApp. Halafu mkuu wa IT anashangaa virusi vimetoka wapi.

Chukueni mawakala wa forodha waliojaa hapa kisiwani Mombasa. Tangu KRA ilipoleta mfumo wa Simba mwaka 2005, kazi yao imekuwa ya kompyuta. Kontena likipitisha siku za bure bandarini, gharama ya kuliweka inaanza kuhesabika, kwa hiyo kukwama kwa kompyuta ni pesa ya mtu.

Katika ofisi moja ndogo ya Mji wa Kale, ambayo sitaitaja, nilimkuta karani mmoja wa miaka mingi ana daftari la shule. Programu yao ya kutoa ankara ilikuwa ikikataa baadhi ya wateja, na kijana wa IT alikuwa amemwambia, "Mamangu, wewe hujui kutaipu." Basi akanyamaza. Kila inapokataa akawa anaandika daftarini tarehe, jina la mteja, na yale maneno ya Kiingereza yaliyotokea kwenye skrini, herufi kwa herufi. Nikamwambia, "Bi mkubwa, hebu nilione." Kurasa sita! Ng'ang'a. Nyong'o. Sa'ad. Ng'ang'a tena.

Kama umewahi kuandika programu umeshaelewa. Majina yote yana ritifaa. Aliyeandika programu alilichukua jina lilivyo akalibandika ndani ya amri ya SQL, ambamo ritifaa ndiyo inayofunga maneno. Jina linakatika katikati na hifadhidata inagoma. (Programu ya kuuzwa Kenya isiyomjua Ng'ang'a!) Na ubaya sio ankara tu. Tundu hilohilo ndilo mwizi hulitumia kuandika amri zake mahali pa jina, akajisomea orodha nzima ya wateja. Yaani mama wa watu alikuwa na ripoti ya usalama mkononi miezi kadhaa, na aliyelipwa kuipokea alimcheka.

Mkidhani haya ni ya ofisi ndogo, tazameni Uingereza. Mwaka 1999 shirika lao la Post Office lilianza kutumia Horizon, mfumo wa kampuni ya Fujitsu, nao ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Waliosimamia posta ndogo walipopiga simu kuomba msaada, wengi waliambiwa kuwa ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Zaidi ya 900 walitiwa hatiani na wengine wakafungwa jela. Mahakama Kuu ilikuja kusema mwaka 2019 kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu, na mwaka 2024 bunge likapitisha sheria ya kufuta mamia ya hukumu hizo.

Mabosi nao wana lao. Malalamiko yakipungua wanaipongeza idara ya IT. Ningekuwa mimi, ofisi ambayo haijapiga simu IT mwezi mzima ndiyo ningeanza kuitembelea, nikaomba makarani wafungue droo zao tuone kuna madaftari mangapi.