Kabla ya Kumpa Mpita Njia Kamera

Wengi wetu tukiwa likizoni husimama Kayabwe, penye alama ya Ikweta katika barabara ya Masaka, tukamwomba mpita njia atupige picha. Nilifanya hivyo na marehemu baba. Nyuso zetu zimefifia, ilhali maandishi ya alama nyuma yetu yasomeka herufi kwa herufi. Kosa lilikuwa langu: tundu la lenzi nililiacha wazi kabisa.

Sasa hulifunga hadi 8, kasi 1/250, ISO ijirekebishe yenyewe. Husimama mahali atakaposimama mpigaji, nikalenga jicho la mama watoto, kisha nikazima ulengaji wa kamera usihame. Akisogea hatua moja, sura hazipotei.

“Bonyeza tu, ndugu yangu. Mara tatu.”