Mama mwenye mimba asitumwe tena kupuliza dawa shambani

Sokoni Kasongo, dawa ya kuua wadudu inapimwa kwa kizibo na kuuzwa ndani ya chupa iliyokuwa ya maji. Haina jina wala maandishi. Muuzaji anasema tu: "Hii ni kali." Mama anaiweka ndani ya kitunga pamoja na chumvi na sabuni, anarudi shambani. Mara nyingi mama huyo ana mimba.

Tunazungumza sana juu ya usalama, dhahabu ya Kabambare na barabara mbaya, na ni haki yetu. Juu ya chupa hii tunanyamaza.

Mwaka 2009, watafiti wa Kanada walikusanya matokeo ya tafiti 31. Walikuta kwamba watoto ambao mama zao walishika dawa hizi kazini wakati wa mimba walikuwa na hatari ya kupata kansa ya damu, lukemia, karibu mara mbili kuliko watoto wengine. Tusitiane hofu: ugonjwa huu si wa kila nyumba, na hesabu hiyo haisemi kwamba kila mama aliyepuliza atazaa mtoto mgonjwa. Lakini damu ya mtoto inaanza kutengenezwa tumboni, na kwa watoto fulani kasoro ya kwanza inaanza humo humo. Tena mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani, kupitia kituo chake cha utafiti wa kansa, lilitaja lindane kuwa dawa ya wadudu inayoleta kansa kwa binadamu. Chupa isiyo na maandishi, nani atajua kilicho ndani?

Ninajua jibu: hapa kwetu hatujaona ugonjwa huo. Tungeuonaje? Mtoto ana homa, anakosa damu, anatoka damu puani. Anapewa dawa ya malaria. Ikishindikana, anaongezwa damu. Akifa, tunasema malaria imemuua, ama tunatafuta mchawi katika jamaa. Lukemia inathibitishwa kwa kuchunguza uboho wa mifupa, na vituo vya afya vya vijijini kwetu havina kipimo hicho. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 80 kwa 100 wenye kansa wanapona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30.

Kwa hiyo sisi hatuna njia nyingine isipokuwa kuzuia. Muuguzi wa CPN anamuuliza mama kama analala chini ya chandarua. Aongeze swali moja: kwenu nani anapuliza dawa? Baba ndiye apulize, afue nguo zake mwenyewe, na mama asiingie katika shamba lile mpaka siku zipite. Wakubwa wa kilimo wa jimbo nao wapite sokoni. Enzi ya pamba ya Wabelgiji, monita alifika hadi shamba la mwisho la kijiji kulazimisha watu. Leo hafiki hata kuonyesha namna ya kupima sumu.

Na chupa ikiisha, itobolewe siku hiyo hiyo. Kwa sasa inaoshwa kwa maji na mchanga, inatiwa mafuta ya mawese, inarudi sokoni.