Ukurutu Si Hukumu, Wala Si wa Kupuuzwa



Msimu wa karafuu uingiapo, mikono ya wachumaji na wachambuzi huwasha na kupasuka. Si ajabu. Mafuta yaliyomo katika karafuu na makonyo huudhi ngozi za baadhi ya watu. Nao wakiepukana nayo hupata nafuu. Mbali na huo, iko pumu ya ngozi, ambayo aghalabu huanza utotoni na huandama ukoo.

Wako wasemao kuwa mwenye pumu ya ngozi hana budi kupata saratani ya damu. Maneno haya twayakataa. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza waliyoyaona katika daftari za wagonjwa wa Uingereza na Denmark: saratani nyingi hazikuzidi kwa watu hawa. Iliyozidi ni limfoma, saratani ya tezi iliyo katika jamii ya saratani za damu. Na huko Uingereza, kwa wenye pumu kali ya ngozi, aina yake moja ilifikia kiasi cha mara mbili. Lakini maradhi haya ni machache, na machache yakizidi mara mbili yangali machache. Tena, mambo mawili kuandamana si hoja kwamba moja limezaa jingine.

Hata hivyo, asije mtu akalala. Iko limfoma ya ngozi ambayo mwanzo wake hufanana mno na ukurutu, ikapakwa marhamu miaka mingi bila kujulikana. Kwa hiyo mtu mzima apatae mabaka yasiyosikia dawa, au vivimbe visivyouma shingoni, kwapani au kinenani, au homa, jasho jingi la usiku na kukonda, asiendelee kununua marhamu dukani. Aende hospitali, daktari amtazame, na ikilazimu akate kipande kidogo cha ngozi kipimwe.

Hapa ndipo lilipo neno letu kwa wenye mashamba. Mchumaji hulipwa kwa alichochuma. Siku ya hospitali kwake ni siku ya njaa, ndipo akaficha maradhi yake. Twaonelea kila mwenye shamba aweke maji na sabuni pahala pa kuchambulia, na amlipe mchumaji mgonjwa siku yake ya kwenda kwa daktari. Gharama yake ni ndogo. Karafuu hungoja jua siku kadhaa; maradhi hayangoji msimu kwisha.