Kabla Hamjafunga Kitalu Nyumba

Mwezi huu barua imetoka Chamazi.

"Dada, mwaka jana tumehamia kwetu, nyumba bado haina ripu. Mume wangu kaona kitalu nyumba cha kaka yake huko Arusha, nyanya zinaning'inia hadi raha. Sasa anataka akiba yetu ya madirisha iende kwenye nailoni na mabomba. Nikimwambia tusubiri, anasema sipendi maendeleo. Hii wiki ya pili hatuongei vizuri. Nifanyeje?"

Pole, mdogo wangu. Ila nianze kwa kumtetea shemeji kidogo. Mwanaume anayetoka kazini akiwaza nyanya badala ya baa si wa kumkatisha tamaa. Kosa lake ni kwamba ameangalia banda, hajaangalia hali ya hewa.

Arusha iko juu, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Usiku kuna baridi, kwa hiyo nailoni inawatunzia joto. Na asili yenyewe ya nyumba hizi ni kukimbia baridi: pale Kew, London, kati ya mwaka 1844 na 1848 walijenga jumba zima la chuma na vioo ili mimea ya jamii ya mnazi isife. Mnazi jamani! Sisi huku Mbweni tunaukata kupisha ukuta.

Sasa njoo Dar. Januari mchana ni nyuzi 31 au 32, na usiku joto halishuki sana chini ya 24. Nyanya ikizidiwa na joto, hasa la usiku, inapukutisha maua. Funga nailoni pande zote uone: mti utarefuka, majani mazuri, tunda hakuna. Hapo madirisha yenu yatakuwa yameliwa na jua.

Kwa uani wa Chamazi, Bunju au Toangoma, banda linalofaa ni la kuleta kivuli na kupitisha upepo. Nunueni neti ya kivuli, ile inayokata jua kwa asilimia 30 hadi 50, mwite fundi asimamishe mirunda, eneo la mita tatu kwa nne linatosha kuanzia. Sehemu inayoingia ardhini ipakwe oili chafu, maana mchwa wa huku hawana adabu. Msilibane ukutani, kusi na kaskazi vyote vipate njia. Humo pandeni mchicha, chainizi, figiri na hoho. Mchicha mtaanza kuchuma ndani ya mwezi mmoja, na hapo ndipo mtakapojua kama kweli mna moyo wa kumwagilia kila siku au ilikuwa hamu tu. (Matembele hayahitaji banda lolote, yaacheni yajiotee.)

Nyanya za shemeji nazo zina msimu wake. Asie mbegu mwanzoni mwa Mei, ahamishe miche Juni, maua yaje Julai, usiku unaposhuka hadi karibu nyuzi 19. Akitaka paa la nailoni kuzuia mvua zinazoleta ukungu, sawa, ila liwe juu, mita tatu hivi, kileleni paachwe upenyo wa hewa ya moto kutokea, na kuta ziwe za neti tupu. Hapo kuna mtego. Neti ya kuzuia wadudu lazima iwe na matundu madogo sana, na matundu madogo yanazuia upepo. Lakini bila neti kuna kantangaze, yule mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014, anayetoboa majani na matunda. Mimi kwa miche michache ningechagua upepo, halafu kila asubuhi ningekagua majani kwa mkono. Mwenye miche mia mbili afikirie vingine.

Udongo pia. Kama nyanya, hoho au bilinganya zimewahi kunyauka ghafla hapo uani zikiwa bado za kijani, msizirudishe kwenye udongo uleule. Tumieni viroba vyenye udongo wa kwingine na samadi iliyooza vizuri. Na maji ya kisima muyaonje kwanza. Yakiwa na chumvi, jengeni tangi la mvua kabla ya banda.

Kuhusu akiba, mdogo wangu, usimwambie "tusubiri" tena. Neno hilo limeshamchosha. Mwambie mnaanza na neti na mirunda, pesa itoke kwenye matumizi ya mwezi wala madirisha yasiguswe, na nyanya za Julai ni zake, asimamie mwenyewe. Halafu Jumamosi hii, saa nane mchana, bebeni viti viwili mkae nusu saa palepale anapotaka kufunga nailoni. Msiende na fundi, wala simu. Mkirudi ndani mtakuwa mmeshapata la kuongea, na Agosti uniandikie tena.