Plagi ya Gari la Mbio

Vijana wengi wa Iringa na Mbeya, wakiisha kuona magari ya mashindano, hudhani kwamba plagi ya bei kubwa au yenye namba kubwa ndiyo itiayo gari nguvu. Sivyo. Kazi ya plagi ni kuwasha petroli na kupitisha joto. Ncha yake ikiwa chini ya nyuzi 450 za sentigredi hushika masizi. Ikizidi mno nyuzi 850 huweza kuwasha petroli kabla ya wakati na kutoboa pistoni. Kwa hiyo injini ya mbio hutaka plagi baridi, yaani ipoayo upesi. Lakini plagi hiyo hiyo, katika gari liendalo polepole sokoni Mbeya asubuhi ya baridi, itajaa masizi.

Tena namba hudanganya: kwa NGK namba kubwa ni plagi baridi zaidi, kwa Bosch ni kinyume chake.

Basi, vijana, someni kwanza kitabu cha gari, kisha ifungueni plagi mtazame rangi. Kahawia hafifu ni njema. Nyeusi ni masizi. Nyeupe ni joto lililozidi. Fedha ya mzazi isinunue sifa. Injini ikifa mlimani Kitonga, sifa haitalivuta gari.