Kabla ya kulipia kiwanja, tazama ramani ya zamani

KUTOKA UWANDANI
Na Yohana Chibago

Dalali wa viwanja hapa Dodoma hupenda kukupeleka shambani mwezi Agosti. Vumbi limetanda, ardhi imepasuka, naye anakuapia kwamba hapo maji hayatuami. Huenda hasemi uongo. Mwaka wa mvua kubwa hakuwapo.

Yupo shahidi aliyekuwapo. Mwaka 1946 Waingereza walianzisha idara ya kupima makoloni yao, na ndege za jeshi lao zikapiga picha Afrika Mashariki kutoka angani. Picha za namna hiyo ndizo zilizozaa ramani za topografia za skeli ya 1:50,000, zile tulizosomea jiografia: mistari ya kahawia ya mwinuko, na vistari vya buluu vyenye vishungi vya majani kuonyesha ardhi oevu. Mtu wa pwani akiviona kwenye delta ya Rufiji hashangai. Huku kwetu mvua ya mwaka ni kama milimita 570 tu, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo ni rahisi kuvipuuza.

Waulize watu wa Bahi. Mto Bubu unateremka kutoka Kondoa na kuishia kwao, kwani bonde lile halina mlango wa kutokea baharini. Maji hutanda, kisha hunywewa na jua. Wenyeji hawakushindana nayo: wamelima mpunga kwenye majaruba, wamevua kambale yakijaa, wamelisha ng'ombe yakipungua.

Jiji nalo linapanuka kila upande tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na mbuga, yaani uwanda wa bondeni, inashawishi kwa kuwa ni tambarare. Lakini udongo wake mweusi huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, hivyo nyumba hupata nyufa hata pasipo mafuriko.

Mtaniambia ramani ya miaka sabini imepitwa na wakati. Kwa barabara na vijiji, kweli. Operesheni Vijiji, ile ya kuwakusanya watu katika vijiji vipya, peke yake ilihamisha watu wengi. Mabonde hayakuhamishwa, na ramani hiyo iliyaona kabla hayajafunikwa kwa zege.

Basi ofisi za ardhi zibandike kipande cha ramani hiyo kando ya kila mchoro wa mipango miji, mnunuzi akione kabla hajalipa. Penye vistari vya buluu pabaki mpunga, bustani za mboga na viwanja vya mpira. Mechi ikiahirishwa kwa maji, hakuna anayelala nje.